Nane Iliyogeuka Tatu

Saa nane na dakika kumi na nne usiku
presha ilishuka kwenye skrini yangu,
kidogo tu, kama mtu aliyeshusha pumzi akasahau kuvuta tena.
Bomba linatoka Mombasa, linapanda nusu ya nchi,
linafika Embakasi limechoka kama mimi.
Nilihesabu hadi kumi, kama tulivyofunzwa,
nikafunga valvu ya ishirini na mbili na ya ishirini na tatu,
nikawapigia zimamoto, watu wa mazingira, wa maji,
na mkubwa wangu, Bwana Lekishon,
aliyeuliza, "Una hakika?"
Nikasema sina. Nimefunga hata hivyo.

Mpango wa taifa upo. Nimeusoma:
jalada jekundu, ngazi tatu, mishale, majina ya vyeo.
Mwezi wa tatu tulifanya zoezi hotelini Upper Hill.
Tulimwaga mafuta ya karatasi kwenye bahari ya karatasi,
tukayazingira kwa kalamu ya buluu,
saa saba tukala kuku.
Hakuna aliyemwaga chochote kwenye mtaro wa Mukuru.

Nilipofika na gari la kwanza kulikuwa na giza,
giza la kukusudia:
kila jiko limezimwa, kila koroboi, kila sigara,
na mwanamke mmoja, koti la mvua juu ya gauni la kulalia,
akienda mlango kwa mlango akigonga karai kwa mwiko.
"La plastiki," aliniambia baadaye. "Chuma kina cheche."
Jina lake Kemunto. Ana matuta manne ya sukuma kando ya mto Ngong.
Alikuwa ameshawaamsha maseremala.
Magunia yao ya maranda yalilala mtaroni, safu tatu,
na mafuta yamesimama hapo
kama ng'ombe mbele ya lango lililofungwa.
Maboya yetu ya kuzingira, yaliyonunuliwa kwa zabuni,
yalikuwa stoo.
Ufunguo wa stoo ulikuwa Kitengela.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Mafuta huzoleka, kwa koleo, kwa pampu, kwa gunia.
Siku kumi na moja tulizoa,
tukachimba udongo mpaka ukaacha kunuka,
au pua zetu ziliacha.
Sukuma ya Kemunto iling'olewa yote, ikatiwa mifuko ya njano.
Hakulia. Aliuliza fomu ya fidia inajazwa wapi,
na kama ina nafasi ya spinachi.

Fomu yangu mimi iliuliza: nani aligundua?
Niliandika: mtambo, saa nane na dakika kumi na nne.
Alisoma juu ya bega langu, akacheka bila furaha.
"Mimi nilipiga saa saba na nusu. Mara tano.
Mwanamume mmoja wa Nyeri akaniambia nimwache alale."

Tukaenda wote kwenye nguzo ya njano,
ile inayosema HATARI, BOMBA, PIGA SIMU.
Jua la miaka sita lilikuwa limelamba tarakimu ya mwisho:
nane imepoteza ubavu wa kushoto,
imebaki tatu.
Dakika arobaini na nne ziliingia humo.
Bomba letu lina vihisio vya joto, vya mtetemo, vya unyevu.
Hakuna kinachohisi rangi ikibambuka.

Jumamosi, siku yangu ya mapumziko,
nilinunua robo lita ya rangi nyeusi na brashi ya shilingi themanini.
Sikuomba kibali. Katika jalada jekundu
hakuna mshale unaoelekea kwenye brashi.
Kemunto alishika kopo, akanikosoa: nenepesha hapo juu.
Kisha akatoa simu, akapiga, akaiweka sikioni
akinitazama kama mwalimu anayesubiri jibu.
Ikaita.
Ikaita tena.
Nilimsikia Wafula wa zamu ya mchana: "Haloo, kituo cha bomba?"
"Hakuna kitu," Kemunto akasema. "Nakagua."
Akakata.

Nguzo iliyofuata ilikuwa mita mia mbili mbele.
Rangi ilikuwa imebaki nusu.